Kuunga Nuru

Ukimtazama fundi wa faiba kazini kwa mara ya kwanza unaweza kudhani hakuna kinachofanyika. Hana nyundo wala hapigi kelele. Ameketi kwenye kigoda kando ya shimo, chini ya mwavuli au hema dogo, ameinamia kisanduku chenye skrini isiyozidi ya simu, na vidole vyake vimeshika kitu ambacho wewe mpita njia hukioni. Katapila limekata mkongo tangu asubuhi, mtaa mzima hauna intaneti, na simu ya wakubwa inaita mfukoni mwake bila kupokelewa. Yeye hana papara. Faiba ikiungwa kwa pupa hurudiwa, na kurudia ndiko kunakokula siku.

Nimekaa na mafundi wa aina hii kandokando ya barabara zinazopanuliwa Dar es Salaam, na kwangu mimi hii ndiyo kazi ya mikono inayostahili heshima kubwa kuliko ile inayopewa. Seremala ana kabati la kuonyesha, mshonaji ana suti. Fundi wa faiba akimaliza, alichokitengeneza hakionekani hata kwa darubini ya mashine yake, na hapo ndipo anapojua kwamba amefanya vizuri.

Mkongo wenyewe ukivuliwa una mambo mengi. Juu kuna ganda jeusi la plastiki ngumu, chini yake nyuzi za njano za aramidi zinazobeba mvuto, katikati fimbo inayozuia usipindwe kupita kiasi, na kuizunguka fimbo hiyo kuna mirija laini iliyojaa grisi ya kukinga maji. Ndani ya kila mrija zimo nyuzi za kioo, mara nyingi 12, kila mmoja na rangi yake: buluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau, waridi, na ile buluu iliyopauka ya maji ya pwani. Fundi anazijua kwa moyo na kwa mpangilio huohuo, kwa sababu buluu ya upande huu lazima ikutane na buluu ya upande wa pili. Akichanganya, mteja wa benki ataunganishwa na laini ya hoteli.

Uzi mmoja pamoja na koti lake la rangi una unene wa robo milimita. Ukiuvua koti unabaki na kioo kitupu chenye unene wa mikromita 125, yaani sehemu moja ya nane ya milimita. Na hata hicho kioo chote si njia. Nuru inapita katika kiini chake tu, chenye upana wa mikromita 9 hivi. Gawanya milimita moja katika vipande 100. Kila kipande bado ni kipana kuliko hiyo njia. Kuunga faiba ni kuvikutanisha viini viwili vya namna hiyo, uso kwa uso, shimoni, kwenye vumbi na joto la Dar. Vikipishana kwa mikromita moja, asilimia kadhaa za mwanga zimeshapotea.

"Dogo, lete spiriti."

"Hii hapa, fundi."

"Slivu umevalisha?"

Dogo kimya. Slivu ni kijimrija cha plastiki chenye kipande cha chuma ndani, kinachokuja kukifunika kiungo na kukipa nguvu. Lazima kivalishwe kwenye uzi kabla ya kuunga, maana baada ya hapo hakuna mwisho wa kukipitishia. Kila mwanafunzi wa kazi hii husahau slivu, na dawa yake ni moja: kata, anza upya. Fundi hakugomba. Alinyoosha mkono, akachukua koleo, akakata.

Kinachofuata ni mfululizo wa vitendo vidogo ambavyo ningeweza kuvitazama kutwa. Anaivua rangi kwa koleo lenye tundu la kipimo, kwa mvuto mmoja ulionyooka. Anaukunja uzi ndani ya kitambaa kilicholowa spiriti na kuufuta mara mbili tatu, hadi kioo kinapotoa mlio mwembamba, kwii, ambao ndio ushahidi kwamba mafuta ya vidole yametoka. Kisha anaulaza kwenye kifaa cha kukatia. Hapa nilitarajia kisu, lakini kioo hakikatwi. Wembe mgumu unakikwaruza kwa chini, halafu kinavutwa kidogo hadi ufa unapita wenyewe toka upande huu hadi ule, na kuacha uso laini usiohitaji kusuguliwa. Uso huo ukiinama zaidi ya digrii moja, mashine inaukataa. Kile kipande kilichobaki, kifupi na kikali, kinaingia kwenye chupa maalumu. Mafundi wazoefu hawali chakula penye meza ya kuungia, maana kibanzi cha kioo kikiingia kidoleni hukioni, na kikiingia tumboni ni habari nyingine.

Nyuzi mbili zinalazwa kwenye vijimfereji vya mashine zikitazamana. Kwenye skrini zinaonekana nene ghafla, mihimili miwili ya kijivu, na mashine inazisogeza juu, chini, kushoto, kulia, kwa kuzitazama kwa kamera kutoka pande mbili. Cheche ndogo inaruka kwanza kuunguza vumbi. Halafu inakuja cheche kubwa kati ya ncha mbili za chuma, kioo kinapanda joto kupita nyuzijoto 1,600, ncha zinalainika, zinasukumwa, na mvutano wa kioo kilichoyeyuka unamalizia kuzinyoosha. Mstari uliokuwa katikati ya skrini unatoweka. Mashine inavuta kidogo kuujaribu uimara, kisha inaandika namba: 0.02. Ni makadirio ya desibeli zilizopotea, na maana yake ni chini ya nusu ya asilimia moja ya mwanga. Uzi wa buluu tayari. Bado nyuzi 95 za mkongo huu.

Ukali wote huu unatokana na aina ya nuru inayopita humo. Balbu ya kawaida haiwezi kuingizwa kwenye njia ya mikromita 9 ikawa na faida yoyote, kwa sababu atomu zake hutoa mwanga kila moja kwa wakati wake, kuelekea popote, kwa rangi mchanganyiko. Leza inafanya kinyume, na mzizi wake ni hoja ambayo Albert Einstein aliichapisha mwaka 1917, wakati hakuna aliyekuwa akifikiria kifaa chochote. Atomu iliyopewa nishati hupanda ngazi ya juu na kukaa huko kwa muda, kisha hushuka na kutoa chembe ya mwanga, fotoni. Huo ndio mwanga wa kawaida. Einstein alionyesha kwamba kuna njia ya pili: fotoni yenye nishati inayolingana ikipita karibu na atomu iliyoko juu, huichokoza ishuke papo hapo na kutoa fotoni ya pili iliyo pacha wa ile ya kwanza, yenye rangi ileile, mwelekeo uleule na mawimbi yanayopanda na kushuka kwa pamoja. Katika ngoma, mtoa wimbo akianza, waitikiaji huingia kwa sauti yake na mapigo yake, na kadiri wanavyoongezeka ndivyo wimbo unavyozidi kuwa mmoja. Fotoni nazo huitikiana hivyo.

Lakini kuna kikwazo. Atomu iliyoko chini humeza fotoni, na kwa kawaida zilizoko chini ndizo nyingi. Ili leza iwake lazima ugeuze hali hiyo, zilizoko juu ziwe nyingi kuliko za chini, na ili zibaki hivyo lazima uendelee kuzisukumia nishati. Ukishafanya hivyo unaweka vioo viwili vinavyotazamana, nuru inakwenda na kurudi kati yake ikizaliana kila safari, na kupitia kioo kimoja unaiachia sehemu yake itoke. Theodore Maiman alifanikiwa tarehe 16 Mei 1960 huko Malibu, California, kwa kipande cha yakuti nyekundu kilichozungukwa na taa ya mmweko. Miaka miwili baadaye Robert Hall, katika maabara ya General Electric, akapata leza ndani ya kipande cha semikonda, ambamo umeme wenyewe ndio unaosukuma elektroni juu, na kingo za fuwele, ambazo Hall alizisugua na waliomfuata wakazivunja kwa unyoofu, ndizo vioo. Nimefurahi kugundua kwamba hata huko siri ni ileile ya fundi wa shimoni: uso uliovunjika sawasawa haudai kusuguliwa.

Leza zinazotumika kwenye faiba ni za ukoo huo wa Hall. Ni vipande vya fuwele visivyofikia milimita moja, vinavyowaka na kufifia mabilioni ya mara kwa sekunde, na mwanga wake macho hayauoni, kwa kuwa mawimbi yake ni ya nanomita 1,310 au 1,550, mbali kupita wekundu wa mwisho tunaouona. Ndiyo maana fundi hakuruhusu uchungulie uzi. Unaoweza kuuona ni ule wa kalamu yake ya majaribio, leza nyekundu anayoichomeka upande mmoja wa waya mwembamba wa nyumbani kutafuta ulipovunjika. Mahali penye jeraha ganda lote linawaka wekundu, kwa sababu nuru iliyokuwa ikirudishwa ndani na mpaka wa kiini imepata upenyo wa kutokea.

Kioo nacho kilihitaji mtu wa kukiamini. Mwaka 1966 Charles Kao, akiwa Harlow nchini Uingereza, aliandika pamoja na George Hockham kwamba nyuzi za kioo zinaweza kubeba simu za dunia iwapo upotevu utashushwa hadi desibeli 20 kwa kilomita, yaani asilimia moja ya mwanga ibaki baada ya kilomita moja. Vioo vya wakati huo vilipoteza kama desibeli 1,000. Wengi waliona ni ndoto. Kao alishikilia kwamba kosa si la kioo chenyewe, ni la uchafu uliomo, hasa chuma, na uchafu huondolewa. Mwaka 1970 Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz wa kampuni ya Corning walifika desibeli 17. Leo tuko kwenye 0.2 hivi, kiasi kwamba baada ya kilomita 15 nusu ya nuru bado ipo. Kao alipewa Nobeli mwaka 2009, wakati ugonjwa wa Alzheimer ulikuwa umeshamwandama, na hotuba yake ilisomwa na mkewe, Gwen.

Mwaka huohuo wa 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi, ukishuka Mombasa na Dar es Salaam, na TEAMS ukaiunganisha Mombasa na Fujairah. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya mawasiliano yetu na ng'ambo ilipanda kilomita karibu 36,000 hadi kwenye setilaiti na kushuka tena, swali na jibu vikila zaidi ya nusu sekunde. Waliowahi kupiga simu Ulaya enzi zile wanaikumbuka ile kuingiliana maneno. Ndani ya kioo nuru hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, na njia ni fupi zaidi.

Chini ya bahari kuna jambo linalonivutia kuliko yote. Hata kioo safi huichosha nuru, kwa hiyo kila baada ya kilomita kati ya 60 na 100 hivi mkongo una kipaza nuru. Ndani yake kuna kipande cha faiba iliyotiwa atomu za erbiamu, na leza ndogo inayozisukumia nishati. Nuru dhaifu ikifika inazikuta atomu zimeshapanda juu. Inazichokoza, zinatoa mapacha, nayo inatoka na nguvu mpya bila kugeuzwa kuwa umeme hata mara moja. Yaani ile hoja ya 1917 inafanya kazi gizani, kituo baada ya kituo, na fotoni zinazofika Mombasa karibu zote ni vitukuu vya zile zilizoondoka.

Turudi shimoni. Fundi akishamaliza kuunga hajaridhika na namba ya mashine, kwa kuwa yale ni makadirio. Anatoa kipimo kingine kinachopiga leza fupi ndani ya uzi na kusikiliza mwangwi. Kila sehemu ya kioo hurudisha nuru kidogo sana, na kwa kuwa kasi inajulikana, muda unageuka kuwa umbali: mwangwi uliorudi baada ya mikrosekunde 70 umetoka kilomita 7 hivi. Kwenye skrini unatokea mteremko mrefu. Kiungo kibaya ni kingazi, uzi uliokatika ni mlima mdogo kisha majani ya kelele. Mara nyingine kiungo huonekana kimeongeza mwanga, mteremko unaruka juu. Hapo mwanafunzi hufurahi na mzoefu hukunja uso. Kiungo hakina nuru ya kuongeza. Nyuzi mbili za watengenezaji tofauti hurudisha mwangwi kwa viwango tofauti, basi, na ukipima kutoka upande wa pili utaona hasara kubwa kuliko ilivyo. Mzoefu hupima pande zote mbili na kuchukua wastani. Tena anajua kuwa kipimo kinahesabu urefu wa kioo, wala si wa barabara, hivyo anakumbuka kila shimo lenye mizunguko ya akiba kabla hajaamuru watu wachimbe.

Katika mkoba wake kuna kibanio. Kabla ya kukata uzi wowote ndani ya mkongo ambao bado una watu, anaubana kwanza. Kibanio kinaupinda uzi kidogo, kwenye pindo nuru kidogo inavuja kupitia koti, na kishale kinawaka kuonyesha inakoelekea. Uzi una kazi, usiguse. Mteja hajui lolote.

Kifaa hicho kinaeleza usalama wa mtandao kuliko matangazo mengi. Kama nuru inavuja kwa kupindwa tu, basi anayeweza kuufikia mkongo anaweza kuisikiliza. Nyaraka alizovujisha Edward Snowden mwaka 2013 zilionyesha shirika la ujasusi la Uingereza, GCHQ, likinyonya mikongo inayopita kwenye ardhi yake. Wakati ule sehemu kubwa ya mawasiliano ilisafiri wazi, na baada ya hapo kampuni kubwa ziliharakisha kuyasimba. Kwa hiyo usalama haupo kwenye kioo. Upo kwenye hesabu, na hesabu yenyewe ni kazi ya kistadi isiyopungua ya fundi.

Tatizo lake ni hili: wewe na benki hamjawahi kuonana, na kila mnachoambiana kinasikika. Mtapataje ufunguo mmoja wa siri? Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha jibu mwaka 1976. Tulifanye kwa namba ndogo. Mnakubaliana hadharani namba 3 na 17. Wewe unachagua siri yako, 6. Unaizidisha 3 kwa yenyewe mara sita, unapata 729, unagawa kwa 17, inabaki 15. Unaitangaza 15. Benki imechagua 7. Inapata 2,187, ikigawa kwa 17 inabaki 11. Inaitangaza 11. Sasa wewe unaichukua 11 yao na kuitumia siri yako: 11 ikizidishwa kwa yenyewe mara sita ni 1,771,561, masalio ni 8. Wao wanaichukua 15 yako na siri yao ya 7, na masalio, ukipenda yahakikishe kwa kalamu, ni 8. Ufunguo ni 8, na haukupita kwenye waya. Msikilizaji ana 3, 17, 15 na 11, na kwa namba hizi ndogo atajaribu mpaka apate. Lakini zinazotumika sasa, kwa hesabu ya nukta za mkunjo iliyo ndugu ya hii, zina tarakimu zaidi ya 70, na kwa kompyuta tulizonazo kujaribu hakumalizwi.

Kinabaki kipengele cha mwisho: una uhakika gani kwamba unayebadilishana naye ni benki, na si mwizi aliyekaa katikati? Hapo ndipo kinapoingia cheti cha kidijitali, sahihi ya mamlaka ambayo kivinjari chako kinaitambua, ikithibitisha kwamba ufunguo huu ni wa jina hili. Mpango wa leo, TLS 1.3 wa mwaka 2018, hukamilisha yote haya kwa safari moja ya kwenda na kurudi, kabla hujaona ukurasa. Una mipaka yake, na si vibaya kuijua. Kufuli kwenye kivinjari halisemi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Tapeli naye hupata cheti cha jina lake. Wala halifichi umewasiliana na nani, saa ngapi, na kwa kiasi gani.

Na hesabu haiungi mkongo uliokatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mkongo wa aina hiyo husubiri meli. Meli huburuta nanga ya kulabu hadi iunase, huupandisha upande mmoja, huupima kwa mwangwi uleule wa leza, huufunga kwenye boya, kisha huenda kutafuta upande wa pili. Staha zake zina chumba cha kuungia, na humo mna watu walioinamia kisanduku chenye skrini ndogo, wana spiriti, wana kifaa cha kukwaruza kioo, na wanasubiri mstari utoweke. Tofauti ni kwamba kiungo chao kitabeba maelfu ya volti za kulisha vipaza nuru, na kitakandamizwa na kina cha bahari, kwa hiyo baada ya kuunga hukisubu kwa plastiki ya moto na kukipiga eksirei kabla ya kukiachia. Na kwa kuwa mkongo uliolala chini hauna ulegevu wa kufika juu, lazima waongeze kipande cha akiba, tena kirefu kuliko kina cha maji yenyewe. Kipande hicho cha ziada hakirudi kwenye mstari wa zamani. Hulazwa pembeni, kama pindo, na ramani ya mkongo hubadilishwa kukionyesha.